Mifupa ya Museum Hill na Mto Unaopita Chini Yake

Mwaka wa 2006, Makavazi ya Kitaifa pale Museum Hill yakiwa yamefungwa kwa ukarabati, kulizuka jijini Nairobi ubishi uliovuma hadi magazeti ya ng'ambo. Askofu Boniface Adoyo, aliyeongoza wakati huo kanisa la Kipentekoste la Valley Road na kuyasemea makanisa mengi ya kiinjili, aliwahimiza Wakristo wapinge mpango wa kuonyesha mifupa ya kale kuwa ushahidi wa chimbuko la binadamu. Mifupa iliyomkera zaidi ni ya yule tunayemwita mvulana wa Turkana. Richard Leakey, mtafiti wa mifupa hiyo, kwa ukali wake uliojulikana, akasimama upande wa pili. Makavazi yalipofunguliwa, mvulana aliwekwa chumbani mwake, watoto wa shule wakaanza kupita mbele yake foleni kwa foleni, na kelele zikapoa. Sitaki leo kuamua nani alimshinda mwenzake. Ninachotaka kusema ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na dhana moja, na dhana hiyo ndiyo yenye kasoro: kwamba imani ya Kikristo kuhusu uumbaji mwema ulioharibiwa na dhambi itasimama au itaanguka kutokana na mifupa ile.

Lakini kwanza tuitendee haki hofu ya askofu, maana haikuwa ya kijinga. Mvulana huyo aligunduliwa na kikosi cha Kamoya Kimeu mwaka wa 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Aliishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita, akafa kabla hajamaliza kukua. Ukimtazama taya, utaona alama za jipu pale jino la utoto lilipong'oka. Katika hazina za makavazi hayohayo kuna mifupa ya mwingine, mtu mzima anayedhaniwa kuwa mwanamke, aliyepatikana Koobi Fora mwaka wa 1973. Mifupa yake mirefu imefunikwa na tabaka nene lisilo la kawaida. Mwanasayansi Alan Walker na wenzake walieleza kwamba huenda alikula maini mengi ya wanyama wala nyama, vitamini A ikamzidi, damu ikavuja na kuganda juu ya mifupa, na ganda hilo likageuka mfupa. Kwa maelezo hayo, mama huyu aliishi na maumivu kwa majuma au miezi, asiweze kutembea, na lazima palikuwa na mtu wa kumletea maji na kumfukuzia fisi. Sasa swali la askofu, ukilivua mavazi yake ya kisiasa, ni hili: ikiwa ugonjwa na mauti viliingia duniani kwa kosa la Adamu, basi mtoto huyu na mama huyu waliugua kwa kosa la nani?

Swali ni zito, na jibu la haraka la wasomi wetu, kwamba Mwanzo ni hadithi tu na tuachane nayo, halimsaidii mtu. Jibu la haraka la upande wa pili, kwamba wanasayansi wamekosea hesabu zao, halisaidii pia. Miamba ya Bonde la Ufa haina dini. Mimi napendekeza turudi kwenye maandiko yenyewe tuone yamesema nini hasa, maana wengi wetu tunabeba kichwani bustani ya Edeni iliyochorwa na vitabu vya picha vya shule ya Jumapili, simba na mwanakondoo wamelala pamoja chini ya mwembe, wala hakuna jani linalonyauka. Sura ya kwanza ya Mwanzo haisemi hivyo. Inasema Mungu aliona kazi yake kuwa njema sana. Haisemi kwamba hakuna kilichokufa. Sura ya pili inaweka katikati ya bustani mti wa uzima. Na mtu atajiuliza, kama binadamu kwa maumbile yake asingeweza kufa, mti huo ulikuwa wa kazi gani? Binadamu anapewa kazi ya kuilima bustani na kuitunza, nawe huitunzi bustani isiyoweza kuharibika. Na nyoka, msikilizaji, yumo tayari bustanini kabla mtu hajauma tunda lolote. Zaburi ya 104 inawataja wanasimba wakinguruma usiku kutafuta mawindo, na inawahesabu kuwa wanaomba chakula chao kwa Mungu, wala haina neno la kuwalaumu. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu mwenyewe anamtaja tai ambaye makinda wake hunywa damu, na anamtaja kwa fahari. Uumbaji wa Biblia ni mwema, una mpangilio, unampendeza Muumba wake. Usafi wa hospitali tumeuongeza sisi.

Hapo atainuka mtu aliyeisoma Biblia yake vizuri aniulize: na Paulo je? Katika sura ya tano ya waraka kwa Warumi, Paulo anafundisha kwamba mauti iliingia kupitia kosa la mtu mmoja. Katika sura ya nane anasema viumbe vyote vinaugua pamoja kama mwanamke mwenye utungu. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na siwezi kuipita pembeni. Ila tuangalie mambo mawili. Kwanza, mauti ambayo Paulo anaijadili katika sura ya tano ni ya wanadamu. Anasema iliwafikia watu wote kwa kuwa wote walitenda dhambi, na twiga hatendi dhambi. Tena Mwanzo yenyewe inasema Adamu alionywa kwamba siku atakayokula atakufa, kisha inatuambia aliishi hadi miaka 930. Ama onyo lilikuwa tupu, ama kuna kufa kunakoanza kabla ya kaburi: aibu, kujificha, kufukuzwa mbele ya uso wa Mungu. Pili, katika sura ya nane Paulo anaonyesha viumbe wakingoja, na wanachokingoja ni kudhihirishwa kwa wana wa Mungu. Yaani hali ya uumbaji imefungwa na hali ya binadamu. Mtunzaji akipotoka, kinachotunzwa kinaumia. Mtunzaji akirejea, kinapona. Fundisho hilo ni zito kupita lile la Edeni isiyo na miiba, kwa sababu linatuweka sisi kizimbani, na jiolojia haiwezi kututoa.

Nakubali kwamba bado kuna kisichojibiwa. Maumivu ya mnyama anayetafunwa akiwa hai yana uzito wake, na sijaona mwanatheolojia aliyeyaeleza nikaridhika. Lakini kubaki na swali gumu ni afadhali kuliko kulijibu kwa kuficha mifupa.

Sasa tuteremke kutoka Makavazi, kwa maana chini ya kilima kile unapita Mto Nairobi, na kwa maoni yangu ushahidi wa anguko uko mtoni. Mto huu unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Unapita Dagoretti, ambako machinjio yamelalamikiwa miaka nenda miaka rudi kwa damu na samadi. Unapenya kati ya Kawangware na Kangemi. Unateremka Lavington na Kileleshwa, unapita Chiromo, ndipo unafika Museum Hill na kuingia katikati ya jiji ukiwa mweusi, wenye povu. Baadaye maji yake huungana na Mto Athi, na Athi huitwa Galana kisha Sabaki hadi Bahari Hindi karibu na Malindi. Kinachomwagwa Kawangware ni shida ya mvuvi wa pwani.

Mtu atasema, uchafu wa mto ni uchafu wa mto, dhambi inaingiaje? Tulinganishe basi. Katika Mto Mara, viboko hushinda majini na kunya humohumo. Watafiti walichapisha mwaka wa 2018 matokeo yanayoonyesha kwamba kinyesi hicho hurundikana katika madimbwi wakati wa kiangazi, na mvua ikija ghafla maji hayo yasiyo na hewa husukumwa kuelekea chini na kuua samaki kwa wingi. Kwa hiyo maumbile nayo huchafua mto, na samaki hufa wakielea. Hakuna mtu aliyewahi kumhubiria kiboko. Sasa mtazame mwenye ploti mmoja wa upande wetu wa magharibi mwa Nairobi. Amejenga vyumba vya kupangisha. Bomba kuu la maji taka liko mbali, au liko karibu lakini kuunganishwa kuna gharama, na kulipia gari la kunyonya choo kila mara kunamla kodi. Anamwita fundi. Mtaro unachimbwa nyuma ya vyoo, bomba la plastiki la inchi nne linalazwa, linafukiwa kwa udongo na vifusi, na mdomo wake unatokezea chini ya ukingo, penye magugu, mahali ambapo mpita njia hataona. Kazi hiyo hufanywa usiku. Kwa nini usiku? Kiboko hangoji usiku. Mwenye ploti anangoja kwa sababu anajua, fundi anajua, na keyateka anayewashikia tochi anajua. Hakuna sheria ya NEMA, mamlaka ya mazingira, iliyowafundisha hilo. Walilijua kabla ya kusoma ilani yoyote. Katika Mwanzo sura ya tatu, jambo la kwanza ambalo wale wawili walifanya waliposikia Mungu anakuja ni kujificha kati ya miti. Anguko linaonekana hapo: kiumbe aliyepewa kuona tofauti ya kutunza na kuharibu, akaharibu, kisha akatafuta kichaka.

Jambo la pili walilolifanya ni kurushiana lawama. Mwanamume alimtaja mwanamke, tena kwa ujanja akamgusa na Mungu aliyempa mwanamke huyo. Mwanamke akamtaja nyoka. Nani ameua Mto Nairobi? Muulize mwenye ploti, atakwambia kaunti haijaleta bomba. Muulize ofisa wa kaunti, atakwambia bajeti ilikatwa na watu wamejenga kwenye kingo. Muulize mpangaji, atasema yeye hulipa kodi tu. Na usidhani mambo yanaanzia na kuishia mitaa ya mabati. Lavington na Kileleshwa, majumba ya ghorofa kumi na zaidi yamesimama mahali palipokuwa na nyumba moja ya familia moja yenye bustani, huku mabomba ya chini yakiwa yaleyale ya enzi ya nyumba moja. Mifuniko ya maji taka inafurika, mkondo unashika njia ya mto, na mkazi wa ghorofa ya nane anafunga dirisha na kuilaumu Kawangware. Kila mmoja wao, ukimsikiliza peke yake, ana sababu inayoeleweka. Ukiwakusanya wote, mto umekufa na hakuna aliyeuua. Sijui lugha nyingine inayolieleza jambo hilo vizuri kama lugha ya dhambi, kwa sababu lugha ya jinai inahitaji mshtakiwa mmoja, na lugha ya ajali inahitaji pasiwe na mshtakiwa hata mmoja.

Tukifika hapo tunakutana na lile fundisho ambalo vijana wengi hulikataa, la dhambi ya asili. Wanauliza, na ni haki yao: mimi nilikuwa wapi Adamu alipokula? Kwa nini nirithi kosa ambalo sikulitenda? Jibu la Agostino, yule askofu wa Hippo aliyezaliwa Afrika Kaskazini mwaka wa 354, lilikuwa kwamba sote tulihesabiwa ndani ya Adamu na hatia yake ikatufuata. Wakatoliki wa Holy Family na Wapresbiteri wa St. Andrew's, pamoja na tofauti zao zote, wamekulia katika kivuli cha jibu hilo. Lakini hapa Nairobi magharibi tuna jirani ambaye husahaulika katika mijadala hii. Riruta kuna seminari ya Waorthodoksi yenye jina la Askofu Mkuu Makarios wa Tatu wa Cyprus, na mapokeo yanayofundishwa humo husema kwamba tulichokirithi kwa Adamu ni mauti na udhaifu, ulimwengu uliokwisha kupinda, na hatia ya kila mtu ni ile aliyoitenda mwenyewe. Mimi naona Riruta iko karibu zaidi na tunachokiona kwa macho.

Nitoe mfano ulio umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka Riruta. Mwaka wa 1913, Profesa W. J. Simpson alitumwa na serikali ya kikoloni kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, na alipendekeza watu watengwe kwa rangi zao, kila jamii na mtaa wake. Magonjwa yalikuwa kisingizio kizuri. Tauni ilikuwa imekwisha kupiga Nairobi miaka michache tu baada ya reli kufika mwaka wa 1899. Sehemu za juu za magharibi, zenye udongo mwekundu na hewa safi, zikawa za Wazungu. Dagoretti, pamoja na Kawangware, ilibaki upande wa hifadhi ya Wakikuyu, nje ya mpaka wa mji, hadi mpaka uliposogezwa wakati wa uhuru. Leo mtoto mmoja anazaliwa Lavington na mwingine Kawangware, barabara moja katikati yao. Hakuna kati yao aliyemjua Simpson. Hakuna aliyechora ramani. Mmoja amerithi bomba la maji na kivuli cha miti, mwingine amerithi foleni ya mitungi. Na yule wa Lavington, asipofanya lolote baya maisha yake yote, ataendelea kufaidi ramani ile kila asubuhi anapofungua bomba, na akikua atakuta ana sababu mia za kuitetea. Kurithi upotovu ambao hukuuanzisha, kisha kuuridhia, kisha kuufanya wako: ukitaka kulifahamu fundisho la dhambi ya asili bila kwenda Edeni, panda juu ya ukingo wa barabara ya James Gichuru utazame pande zote mbili.

Mpinzani wa kilimwengu hataridhika. Atasema: unachokieleza ni mipango mibovu, umaskini na ufisadi, vyote vina majina yake na tiba zake, na ukiviita dhambi unawapa viongozi mwanya wa kuitisha maombi ya kitaifa badala ya kujenga mabomba. Hoja hiyo ina ukweli mchungu. Nimewasikia watu wakiombea mto ambao wangeweza kuacha kuuchafua. Lakini hoja hiyo inaeleza jinsi mto ulivyokufa, haielezi kwa nini unauawa upya kila unapojaribu kufufuka. Wangari Maathai alipigania Uhuru Park mwaka wa 1989 dhidi ya jumba la ghorofa 60, akashinda. Miaka kumi baadaye alikuwa akipigwa katika msitu wa Karura kwa sababu ya unyang'anyi uleule wa ardhi. Marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, alisafisha kipande cha mto karibu na barabara ya Kijabe mwaka wa 2008, watu wakaanza kupumzika hapo, kisha kikachakaa tena. Tume ya Mito ya Nairobi ikaundwa chini ya serikali ya sasa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yakachukua nyumba na watu kwenye kingo. Machi 2025 ukazinduliwa mradi wa shilingi bilioni 50. Mipango imekuwapo, na mingine ilikuwa mizuri. Mhandisi anajua bomba lipite wapi. Anachoshindwa kukieleza kwa taaluma yake ni kwa nini bomba jipya hutobolewa na watu walewale waliojengewa. Mkristo anaposema dhambi, hamfukuzi mhandisi kazini. Anamwambia mapema asishangae.

Kuna pingamizi jingine, la Mwafrika anayeona habari hizi zote kuwa mzigo wa wageni. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka wa 1931, alikusanya masimulizi kutoka pande nyingi za bara hili kuhusu Mungu na watu walivyotengana, na alionyesha kwamba huko nako watu walikumbuka wakati ambapo mbingu na ardhi vilikuwa karibu. Hivyo wazo la hasara ya mwanzo halikuja na meli. Tofauti iko kwenye kosa. Katika masimulizi mengi, kinyonga alitumwa na habari ya uzima akachelewa njiani, au mnyama fulani alivuruga ujumbe. Watu walipata bahati mbaya. Mwanzo inamwondolea binadamu kinyonga huyo. Alisikia mwenyewe, akaelewa, akachagua. Wala haikuwa bahati mbaya lile bomba la usiku. Mbiti aliona pia kwamba masimulizi mengi ya kale hayakuwa na njia ya kurudi; hasara ilikuwa hasara. Ukristo ndio ulioleta lawama, kweli, lakini lawama huenda na uwezekano wa toba, na bahati mbaya haitubiwi.

Tukija kwa wale wanaosema bila Adamu wa historia hakuna anguko, na bila anguko Kristo alikufa bure, mimi siwataki wafute historia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba sura ya tatu ya Mwanzo inatumia lugha ya mafumbo, na papo hapo inasisitiza kwamba inathibitisha tukio la kweli mwanzoni mwa historia ya mwanadamu. Naona hilo ni la busara. Palikuwa na wakati ambapo kiumbe wa kwanza aliweza kumjua Muumba wake, na akakataa. Mifupa haihifadhi wakati huo, kama isivyohifadhi ndoa wala uongo. Agostino mwenyewe, katika kitabu chake kuhusu maana halisi ya Mwanzo, aliwaonya Wakristo wa zama zake wasipayuke mbele ya wasioamini kuhusu nyota na viumbe wasivyovielewa, wakaifanya imani yao kichekesho. Miaka elfu moja na mia sita imepita, na onyo lile lingefaa kubandikwa mlangoni Museum Hill mwaka ule wa 2006.

Papa Fransisko alipokuja Nairobi, mwezi Novemba 2015, hakwenda kuzungumzia mifupa. Alikwenda Kangemi, katika parokia ya Wajesuiti ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Miezi michache kabla, katika waraka wake wa Laudato Si', alikuwa ameeleza kwamba maisha ya binadamu yanasimama juu ya uhusiano wa aina tatu, na Mungu, na jirani, na dunia, na kwamba dhambi ni kuvunjika kwa huo uhusiano wote kwa pamoja. Huko Kangemi fundisho hilo aliliweka mkononi mwa watu: aliongea juu ya maji safi kuwa haki, juu ya majeraha yanayotoka kwa wachache waliong'ang'ania mamlaka na mali, na juu ya wastawishaji wa kibinafsi wasio na sura wanaodiriki kutwaa hata viwanja vya michezo vya watoto wa shule. Waliokuwapo walielewa. Januari mwaka uleule polisi walikuwa wamewarushia vitoza machozi wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walipokuwa wakidai uwanja wao. Nani alikuwa amejenga ukuta wa kuuzingira uwanja huo? Mwanzoni jibu lilikuwa ni mstawishaji wa kibinafsi, cheo kisicho na uso wala jina. Hayo ndiyo matawi ya miti ya kujificha ya leo: kampuni iliyosajiliwa kwa jina la kampuni nyingine, hatimiliki yenye sahihi ya mtu aliyestaafu.

Linabaki pingamizi la mwisho, na linanigusa zaidi kwa sababu linatoka kwa mtu wa kawaida ambaye hajali Agostino wala Walker. Anasema: makanisa yana haki gani ya kutuhubiria anguko, wakati walioanguka zaidi ndio wanaokalia viti vya mbele, na harambee ya Jumapili huwaoshea pesa zao? Siwezi kumjibu kwa nadharia. Naweza kumwonyesha tu kilichotokea Novemba 2024. Rais alihudhuria misa katika kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, akatoa mamilioni ya shilingi, zikiwemo pesa za nyumba ya padri. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitoa taarifa kwamba jimbo kuu halitapokea mchango huo na kwamba utarudishwa kwa mtoaji. Kuna waliomwona mwanasiasa aliyevaa kanzu. Miezi minne baadaye, Machi 2025, kanisa jingine huko Roysambu likaahidiwa shilingi milioni 20, likakubali, na vijana wakaandamana barabarani kulilaani. Katika mji mmoja, ndani ya muda wa miezi minne, majibu mawili kwa bahasha ya aina moja. Lile la kwanza lilikuwa na gharama inayojulikana: padri wa Soweto alikosa pesa za nyumba zilizotolewa mbele ya waumini wake.